Namna ya kusikiliza albamu saba za Death kwa kumfuata mpiga ngoma

Kijana wa Lubumbashi anayetaka kuijua dethi metali, tawi kali la muziki wa roki, kwa kawaida huandika jina la bendi kwenye simu, kisha husikiliza nyimbo zinazopangwa na programu bila kujali mwaka wala albamu. Wimbo wa 1987 unafuatwa na wa 1998, wa tatu unatoka katikati, na baada ya saa moja msikilizaji anakata shauri kwamba muziki huu wote ni kelele za aina moja. Kwa bendi nyingi mtindo huo wa kusikiliza una madhara madogo. Kwa bendi ya Death, kutoka jimbo la Florida nchini Marekani, unaharibu karibu kila kitu, kwa sababu bendi hiyo ilitoa albamu saba kati ya 1987 na 1998, na hakuna mbili kati yake zilizopigwa na kundi lilelile la watu.

Mwongozo huu unapendekeza njia moja ya kuzisikiliza: mfuate mpiga ngoma. Chuck Schuldiner, mwanzilishi, mpiga gitaa na mwimbaji, ndiye pekee aliyemo katika albamu zote saba, na ndiyo maana wengi humsikiliza yeye tu. Kwa maoni yangu, mabadiliko ya sauti ya Death yanasikika kwanza katika ngoma. Wapiga ngoma walikuwa watano: Chris Reifert, Bill Andrews, Sean Reinert, Gene Hoglan na Richard Christy. Kila alipoingia mwingine, nyimbo nazo zilibadilika umbo, na msikilizaji atakayejifunza kuwatofautisha watano hao ataitambua albamu anayoisikia bila kutazama jalada.

Msikilizaji wa Katanga, eneo la Lubumbashi, anaianza kazi hii akiwa na mtaji. Mwenda Jean-Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, alipiga gitaa moja kwa dole gumba na kidole cha shahada, besi ikienda njia yake na sauti ya juu ikienda njia yake. Baadaye orkestra za rumba zilitufundisha kuligawa sikio kati ya solo, mi-solo (gitaa la kati ya solo na lile la kusindikiza), gitaa la kusindikiza na besi, hasa pale sebene, sehemu ya kuchezea dansi, inapoanza. Sikio lililozoea kazi hiyo halitapotea ndani ya Death. Linahitaji tu muda wa kuzoea kasi na ukali wa sauti.

Kabla ya kuanza

Usitumie spika ya simu yenyewe. Spika hizo ndogo hupoteza sauti za chini, kwa hiyo ngoma kubwa ya mguu haisikiki vizuri na besi inatoweka kabisa, na hapo nusu ya somo imekwisha kupotea. Spika za masikioni zenye waya, hata zile za bei ndogo zinazouzwa barabarani mjini, zinatosha. Pakua albamu nzima kwa ubora wa juu wakati una intaneti na umeme, usisikilize moja kwa moja mtandaoni, kwa kuwa wimbo wa dakika nane ukikatika katikati ni vigumu kurudi pale sikio lilipokuwa.

Ipe kila albamu juma lake, na isikilize mara tatu zenye shabaha tofauti. Mara ya kwanza fuata ngoma peke yake: ngoma ndogo inayopigwa kwa mkono, ngoma kubwa inayopigwa kwa pedali mbili za miguu, na matoazi. Mara ya pili fuata gitaa na besi. Mara ya tatu soma mashairi huku ukisikiliza. Mashairi ni ya Kiingereza, na wengi wetu tulisoma kwa Kifaransa, lakini maandishi yake yanapatikana kwa urahisi na programu ya kutafsiri itakupa maana ya jumla. Usijaribu kuyadaka kwa sikio tu, kwani hata wasemaji wa Kiingereza hushindwa.

Anza na albamu ya sita

Ushauri wangu wa kwanza unakwenda kinyume cha kalenda. Anza na Symbolic ya mwaka 1995, kwa sababu ndiyo albamu iliyorekodiwa kwa usafi unaomwezesha mgeni kutenganisha vyombo. Ilitengenezwa Tampa katika studio ya Morrisound, pamoja na Jim Morris, na mpiga ngoma ni Gene Hoglan. Sikiliza "Crystal Mountain" mara ya kwanza ukiwa umeyakazia sikio matoazi tu: Hoglan haachi kuyatumia kama chombo cha kuimbia, akibadilisha toazi kila sehemu ya wimbo inapobadilika, huku miguu ikiwa imetulia juu ya pedali. Kisha sikiliza "Empty Words", inayoanza kwa gitaa safi na tulivu kabla ya uzito kuingia. Malizia na "Perennial Quest", wimbo wa mwisho wenye zaidi ya dakika nane, ambao unafunga kwa gitaa tulivu. Ukimaliza hapo, weka Symbolic kando. Utairudia baada ya kuona ilitoka wapi.

Sasa rudi mwanzo

Schuldiner alizaliwa mwaka 1967 katika jimbo la New York na kukulia Florida. Alianza gitaa akiwa na miaka 9, baada ya kaka yake kufa katika ajali ya gari na wazazi kumtafutia kijana kitu cha kumshika mkono katika msiba. Mwaka 1983 aliunda kundi la Mantas pamoja na Rick Rozz na Kam Lee, na mwaka uliofuata kundi likachukua jina la Death. Kwa miaka kadhaa kazi zao zilisambaa kwa kaseti tu, kutoka mkono hadi mkono na kwa njia ya posta.

Albamu ya kwanza, Scream Bloody Gore ya 1987, ilipigwa na watu wawili: Schuldiner alishika gitaa, besi na uimbaji, na Chris Reifert alishika ngoma. Isikilize kwa haraka na bila kuidai mengi. Reifert anapiga kwa kasi na kwa nguvu za kijana, mashairi yanatoka katika filamu za kutisha, na hilo halifichwi. Jambo moja tu ulitie alama katika daftari lako: sekunde za mwanzo za "Zombie Ritual" na za "Evil Dead" zina sauti ya gitaa inayoimbika. Wanaosema kwamba Schuldiner aligundua melodia uzeeni mwa bendi hawakuzisikiliza sekunde hizo. Reifert alibaki California, walikorekodia albamu hiyo, na kuanzisha bendi ya Autopsy, huku Schuldiner akirudi Florida.

Leprosy ya 1988 inataka muda mrefu zaidi. Ni hapa Bill Andrews anapoingia, akitoka katika kundi la Massacre, na Rick Rozz anarudi kwenye gitaa la pili. Wasikilizaji wengi humdharau Andrews kwa sababu anapiga kwa urahisi, mimi namtetea. Rifu za Leprosy, yaani vifungu vifupi vya gitaa vinavyorudiwarudiwa, ni nzito na nene, na mpiga ngoma anayejaza kila nafasi angezizamisha. Andrews anashika mpigo mmoja na kuubeba mpaka rifu imalize kazi yake, kisha anageuza mara moja na wote wanageuka naye. Sikiliza "Pull the Plug" ukihesabu ni mara ngapi mwendo unapungua na kurudi. Kila badiliko linatangazwa na ngoma kabla ya gitaa. Shairi lake linamhusu mgonjwa anayewekwa hai kwa mashine na anayeomba iachwe izimike, jambo ambalo liko mbali sana na maiti wanaotembea wa mwaka uliotangulia.

Spiritual Healing ya 1990 ipitie kwa makusudi mawili. La kwanza ni kusikia mpaka wa Andrews: James Murphy ameingia na gitaa lenye solo ndefu na zenye ufundi, nyimbo zimeongezeka sehemu, lakini ngoma zimebaki pale zilipokuwa mwaka 1988, hivyo albamu nzima inaonekana kuvutwa pande mbili. La pili ni mashairi. Wimbo wa kwanza unamzungumzia mtoto anayezaliwa na mama aliyezama katika kokeini, na wimbo unaobeba jina la albamu unawashutumu wanaoitumia imani kuwadhuru watu. Nayataja haya kwa sababu majalada ya albamu tatu za kwanza, yaliyochorwa na Ed Repka, yanatisha, na katika nyumba zetu za komuni za Katuba au Kenya hapa Lubumbashi, ambako kwaya na maombi vina siku zake katika juma, mzazi au mchungaji akiyaona atauliza maswali, na ana haki ya kuuliza. Mjibu kwa heshima na kwa ukweli: mweleze kwamba mashairi ya mwanzo yalikuwa ya kutisha, kwamba mtunzi aliyaacha, na umsomee yale ya 1990 na kuendelea.

Mwaka huohuo wa 1990 bendi ilipasuka. Schuldiner alikataa kwenda katika ziara ya Ulaya aliyoiona haikuandaliwa vizuri, na Andrews pamoja na mpiga besi Terry Butler wakaenda bila yeye, wakiwa na watu wengine. Sisi tulioona Wenge Musica ikigawanyika mwaka 1997, kila upande ukidai jina, hatuhitaji kuelezwa zaidi uchungu wa jambo la namna hiyo. Tofauti ni kwamba Death haikuwa na pande mbili: jina lilibaki kwa Schuldiner, wenzake wakaondoka, na tangu hapo akawa anachagua wanamuziki kwa ajili ya kila albamu. Nadhani uamuzi huo, uliozaliwa na ugomvi, ndio uliompa nafasi ya kufanya kazi zake bora.

Human, mwaka 1991

Hapa tulia. Kama una juma moja tu la kutoa kwa bendi hii, litoe kwa Human.

Schuldiner aliwaita Sean Reinert na Paul Masvidal, vijana wa Cynic, bendi ya Miami, wote wawili wakiwa na umri wa miaka 20 hivi, na Steve Di Giorgio wa Sadus kwa ajili ya besi. Bonyeza wimbo wa kwanza, "Flattening of Emotions", na usishtuke kwa ukimya: ngoma zinatokea mbali, miguu ikikimbia juu ya pedali, zinakaribia hatua kwa hatua, na gitaa linaingia baada ya ngoma kutujulisha kwamba aliyekalia kiti si mtu wa zamani. Reinert alikuwa amesikiliza jazi, na hilo linaonekana katika namna anavyojaza nafasi kati ya mipigo kwa toazi na kwa mapigo madogo ya mkono ambayo msikilizaji anayaona mara ya tatu au ya nne tu. Linganisha na Andrews. Andrews anamngoja Schuldiner amalize rifu. Reinert anazungumza naye wakati rifu inaendelea.

Matokeo yake ni kwamba gitaa nalo limepata uhuru. Rifu za Human ni fupi, zinabadilika upesi, na mara nyingi gitaa mbili zinakwenda sambamba kwa noti tofauti, kama solo na mi-solo zinavyoshikana. Fanya zoezi hili: katika "Lack of Comprehension", baada ya mwanzo wake mtulivu, chagua gitaa la sikio la kushoto peke yake mpaka mwisho wa wimbo, kisha rudia na la kulia. Shairi la wimbo huo linawajibu watu wanaoulaumu muziki kwa matatizo ya vijana, hivyo lina kazi maalumu kwa msikilizaji ambaye bado anabishana na wakubwa zake nyumbani. Kabla ya wimbo wa mwisho, "Vacant Planets", inakuja "Cosmic Sea", isiyo na uimbaji.

Tahadhari moja inahusu matoleo. Katika toleo la awali besi ya Di Giorgio imefunikwa na gitaa, na mgeni anaweza kudhani haipo. Toleo lililotolewa upya na kampuni ya Relapse mwaka 2011 lilichanganywa sauti upya, na ndani yake besi inasikika wazi zaidi. Tafuta hilo la 2011 kwa zoezi la besi, lakini usiliache la 1991, kwa sababu ndilo lililosikiwa na wapiga ngoma wa kizazi kilichofuata. Kumbuka pia kwamba Cynic yenyewe ilitoa albamu yake ya kwanza, Focus, mwaka 1993, na ukiisikiliza mara baada ya Human utajua ni mawazo gani Reinert na Masvidal walikuja nayo wenyewe.

Kutoka Hoglan hadi Christy

Individual Thought Patterns ya 1993 ina Hoglan, aliyetoka katika bendi ya Dark Angel, na Andy LaRocque, mpiga gitaa wa bendi ya King Diamond, aliyekuja kupiga solo. Katika albamu hii usimfuate mpiga ngoma peke yake. Mfuate pamoja na besi. Di Giorgio anapiga besi isiyo na vigawanyo shingoni, kwa hiyo noti zake zinateleza kutoka moja kwenda nyingine, na safari hii fundi wa sauti ameiweka mbele. Hoglan ana uzito ambao Reinert hakuwa nao: pale Reinert alipopamba, Hoglan anajenga. Wimbo wa mwisho, "The Philosopher", unatosha kulionyesha hilo, kuanzia gitaa la mwanzo linalochezwa kwa vidole juu ya shingo hadi besi inayoachiwa nafasi mwishoni.

Baada ya hapo rudi kwenye Symbolic. Utashangaa jinsi ilivyobadilika sikioni mwako. Kile ulichokiona mwanzoni kama usafi wa studio sasa utakisikia kama uamuzi: Hoglan na Schuldiner wamepunguza idadi ya rifu katika kila wimbo na kuzipa muda wa kukaa. Wanamuziki wengine, Bobby Koelble kwenye gitaa na Kelly Conlon kwenye besi, wanausindikiza uamuzi huo kwa unyenyekevu. Hii ndiyo albamu ninayoipenda kuliko zote saba.

The Sound of Perseverance ya 1998 ilitoka wakati Schuldiner tayari alikuwa amegeukia mradi mwingine, Control Denied, ambamo uimbaji ungepewa mtu mwenye sauti safi. Richard Christy anaingia kwenye ngoma, Shannon Hamm kwenye gitaa, Scott Clendenin kwenye besi. Albamu hii pia inafunguliwa na ngoma, katika "Scavenger of Human Sorrow", na ni vizuri kusikiliza ufunguzi huo na ule wa Human kwa kufuatana. Christy hutumia nguvu nyingi na mapigo mengi, mara nyingine kupita kiasi kwa masikio yangu, na nyimbo nazo zimerefuka na kukatwa vipande vipande. Sauti ya Schuldiner imepanda pia: ule mngurumo wa chini wa Leprosy umekuwa mlio wa juu unaokwaruza, na baadhi ya wasikilizaji wa zamani hawakuukubali kamwe. Halafu inakuja "Voice of the Soul", ambayo haina uimbaji wala ngoma, ni gitaa tu zinazojibizana. Baada ya majuma yote ya kumfuata mpiga ngoma, utasikia gitaa la Schuldiner bila mtu wa kuliongoza. Lirudie zaidi ya mara moja. Albamu inamalizika kwa "Painkiller", wimbo wa mwaka 1990 wa Judas Priest, bendi ya Uingereza. Sikiliza ule wa awali kwanza.

Control Denied ilitoa albamu moja, The Fragile Art of Existence, mwaka 1999, Christy akiwa kwenye ngoma, Di Giorgio kwenye besi, na Tim Aymar akiimba. Mwaka huohuo Schuldiner aligunduliwa kuwa na uvimbe katika shina la ubongo. Wanamuziki wenzake walifanya matamasha ya kuchangia gharama za matibabu. Alifariki tarehe 13 Desemba 2001, akiwa na miaka 34. Isikilize albamu hiyo ya Control Denied kama ya nane, kwa sababu inakuonyesha mpiga ngoma yuleyule wa 1998 akimsindikiza mwimbaji wa aina nyingine kabisa, na utaona anapunguza mapigo ili kumwachia nafasi.

Kwa wanaopiga vyombo

Lubumbashi ina wapiga ngoma na wapiga besi wengi waliokomaa makanisani, na baadhi yao watataka kujaribu. Legeza nyuzi zote sita za gitaa kwa toni moja nzima, kwani ndivyo Death walivyozoea kupiga, na ukiweza weka nyuzi nene kidogo ili zisilegee mno. Usianze na Human. Anza na "Pull the Plug", kwa nusu ya kasi yake, mpiga ngoma akiwa na pedali moja tu, na msiongeze kasi mpaka mageuzi yote ya mwendo yametoka pamoja bila mtu kuhesabu kwa sauti. Pedali ya pili ikipatikana, nendeni kwenye "Crystal Mountain", ambayo mwendo wake si wa haraka na ambayo itamlazimisha mpiga ngoma kujifunza matoazi. Kama hamna gitaa la pili, mpeni mpiga besi ile sauti ya pili ya gitaa aipige juu ya shingo ya chombo chake.